Nyumba Waliyonijengea Nikiwa Wodini

Mimi ni fundi wa paa. Nusu ya lojingi na maduka mapya unayoyaona ukiingia Malaba nimeyaezeka mimi, na nikisema nusu natia chumvi kidogo tu. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba mtu akinijengea nyumba mbaya, sihitaji kuambiwa. Ndugu zangu walilisahau jambo hilo.

Nilianza kuona damu chooni nikiwa ndio kwanza nimevuka miaka thelathini. Sisi mafundi wa paa tuna imani yetu: ukikalia mabati yenye joto la adhuhuri siku nyingi, utapata bawasiri. Hakuna aliyeisoma popote, ila kila fundi anaijua, na atakuapia. Nilipowaambia wenzangu walicheka mpaka wakavunjika mbavu. Mmoja alikunja gunia, akanikabidhi mbele ya wote na kuliita kiti cha mheshimiwa. Nikawa nalikalia gunia lile kutoka jengo hadi jengo, Malaba mpaka Amukura, nikiamini kwamba hiyo ndiyo tiba.

Damu haikukoma. Kliniki ya kwanza waliniambia ni amiba. Ya pili wakasema ni amiba na taifodi. Mama mmoja aliyekuwa akivuka kutoka upande wa Uganda na furushi la mizizi alinisikiliza kwa makini sana, akaniuliza kazi yangu, kisha akatikisa kichwa kwa uhakika wote. "Ssebo, hiyo ni mabati," akaniambia. "Kunywa hii asubuhi na jioni, na utafute kazi ya kivulini." Nilikunywa. Ilikuwa chungu, na tumbo likaendelea kunisokota.

Suruali zikaanza kunilegea. Mke wangu, ambaye huuza nyanya na vitunguu sokoni Malaba, alinitobolea mshipi tundu jipya, halafu jingine, halafu akautupa mshipi chini na kuuliza kama nataka angoje nipotee kabisa ndipo aseme. Nilimjibu kwamba daktari amesema ni amiba. "Hiyo amiba iko na umri wa kuanza shule sasa," akasema. Alikuwa amekasirika kuliko mimi.

Mpaka leo jambo hili linanichoma. Watu wote wale walionitibu, waliosoma na wasiosoma, waliniangalia mikono, wakaona misuli, wakaridhika. Kansa ya utumbo ilikuwa ya wazee. Kijana anayebeba bati tatu begani na kupanda nazo ngazi, huyo atakuwa na nini zaidi ya amiba? Ujana wangu ndio ulionichelewesha, na hakuna aliyeniomba msamaha kwa hilo.

Aliyetoboa siri alikuwa tabibu mmoja wa Busia, mwanamume wa makamo, aliyevaa glavu na kuniambia nilale ubavu. Nilikataa. Nilimwambia mimi ni mwanamume, nina mke na heshima zangu. Hakubishana, alikaa akaningoja na glavu yake mkononi kama mtu anayengoja chai ipoe. Mwishowe nikalala. Kidole chake kilikaa ndani muda mfupi tu, na alipokitoa uso wake ulikuwa umebadilika. "Boss, hii si amiba," akasema. "Na usimeze dawa ingine yoyote mpaka upigwe kamera." Siku hiyo hiyo akanielekeza kwenye hospitali kubwa ya rufaa.

Kamera ilionyesha uvimbe sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Walikata kinyama, wakakipima, kikarudi na jina lake. Nilipigwa mionzi kwanza ili uvimbe usinyae, kisha nikapasuliwa. Niliamka nikiwa na mshono kutoka kitovuni kwenda chini, na upande wa kushoto wa tumbo kuna tundu lenye mfuko uliobandikwa juu yake. Choo changu sasa kilitokea hapo. Niliutazama mfuko ule, ukanguruma mbele ya wauguzi, na nikajikuta nacheka kwa uchungu. Mke wangu alijifunza kuubadilisha kabla yangu. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na hakukunja pua hata mara moja.

Kaka yangu mkubwa, anayelima mahindi nyumbani kwetu upande wa Funyula, alikuja kuniona siku ambayo majibu ya maabara yalikuwa yametoka. Alisimama miguuni pa kitanda na kofia mkononi. Daktari aliyenipasua, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, alivuta kiti akakaa ili macho yetu yawe sawa. Nilimpenda kwa hilo.

"Tulichotaka kukata kimetoka chote," alisema. "Kingo zake ni safi. Lakini ugonjwa ulikuwa umefika kwenye tezi chache za karibu. Kwa hivyo utapata kemo, na baada ya hapo utakuwa unarudi tukuangalie kwa miaka."

"Nitapona?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema. "Mwili wako ni wa kijana, umevumilia kisu vizuri. Lakini kwa vijana, huu ugonjwa mara nyingi tunaupata umechelewa, na wakati mwingine unakuja na ukali. Kuna watu wa umri wako wanakuja kunisalimia hapa miaka na miaka baadaye. Kuna wengine hawakurudi. Wewe utakuwa upande gani, bado sijui. Nikikuambia najua nitakuwa nakudanganya."

Neno hilo lilinipa nguvu, na sitanii. Wote waliotangulia walikuwa wanajua. Walijua ni amiba, walijua ni mabati. Huyu ndiye wa kwanza aliyekaa mbele yangu na kukiri mpaka wa elimu yake, na kwa mara ya kwanza niliona kuna nafasi ya mimi kufanya kitu. Kama hajui, basi mlango haujafungwa. Nilimwambia tuanze hiyo kemo mara moja, akasema tungoje mshono kwanza, maana ulikuwa umetunga usaha kidogo.

Kaka yangu alisikia jambo jingine kabisa. Kwetu daktari hasemi hajui. Daktari akisema hajui, maana yake ni kwamba anajua na anakuonea huruma. Aliniaga kwa kunishika mkono kwa mikono yake yote miwili, muda mrefu, akaondoka bila kula mandazi aliyoletewa. Mtu anayekataa mandazi katika ukoo wetu ana msiba. Nilipaswa kushtuka hapo hapo.

Niliporuhusiwa kutoka, kaka alipiga simu akasema nisirudi Malaba kwenye chumba cha kupanga. "Kuja nyumbani upumzike. Tumekujengea nyumba." Mke wangu alinitazama. Miaka yote nilikuwa nikiambiwa nijenge nyumbani, na nilikuwa nikisema nitajenga ile ninayoitaka, si kibanda. Nikadhani ugonjwa wangu umewalainisha ndugu zangu mioyo. Nilifurahi njia nzima, mto umewekwa tumboni ili gari likiruka kwenye shimo mshono usifumuke.

Tulipoingia uani niliiona. Majirani walikuwa wamesimama, mama yangu akapiga vigelegele vifupi, na kaka akanionyesha kwa mkono kama mwenye duka. Nyumba ya udongo, ya mabati, mpya. Nilishukuru. Kisha jicho la kazi likaamka lenyewe.

Nguzo zilikuwa za mkaratusi mbichi, magome bado yako juu yake. Sehemu iliyoingia ardhini haikupakwa oili chafu wala kuchomwa moto, na katika udongo wetu ule mchwa hangoji hata mvua mbili. Mabati yalikuwa ya zamani, yenye matundu ya misumari ya paa jingine, na hayakuzibwa. Misumari mipya ilipigwa bila raba ya kuzuia maji. Madirisha yalikuwa matundu mawili, hayana fremu wala mbao. Hakukuwa na jiko. Hakukuwa na choo karibu, kwa mtu ambaye wote walijua ana mfuko wa choo tumboni. Lakini mlango, jamani! Mlango ulikuwa wa mabawa mawili, mpana, katikati kabisa ya ukuta, na mbele yake walikuwa wamefyeka na kusawazisha uwanja wa kutosha mahema.

Kwetu mwanamume hazikwi kama hana nyumba yake katika boma la baba yake. Akifa hana, hujengwa ya haraka, mwili ukaingizwa humo ukalala, ndipo kaburi lichimbwe. Nimeshaitwa kuezeka nyumba za namna hiyo mara nyingi. Fundi huambiwa afanye upesi, na hakuna anayeuliza kama itavuja, kwa sababu atakayelala ndani hatalowa. Nilikuwa nimesimama mbele ya nyumba ya matanga yangu, na mfuko wangu ukanguruma.

"Hizi nguzo mbona hamkupaka oili?" nikamuuliza kaka.

"Ah, hiyo tutarekebisha baadaye."

"Baadaye ya nani?"

Mama yangu akageuka upande wa jikoni. Kaka akaanza kusema kwamba niingie nipumzike, kwamba godoro liko ndani, kwamba nimechoka na safari. Nilimwambia siingii. Nilisema kwa sauti, ili na majirani wasikie, kwamba sijafa, na kwamba nikifa watanikuta nimesimama juu ya paa la mtu mwingine, si nimelala chini ya haya makopo. Si maneno ya kumwambia kaka yako mkubwa mbele ya watu. Niliyasema, na sijayajutia.

Baba yangu alikuwa amekaa kwenye kibaraza chake wakati wote huo. Ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Hakuinuka.

Sasa kulikuwa na tatizo la usiku. Kwetu mtu aliyeoa halali chini ya paa la wazazi wake. Ama ningelala kwenye nyumba ile, ama ningeondoka. Kaka alimvuta mke wangu pembeni, nikawasikia.

"Shemeji, mwambie aache hiyo maneno ya kemo pia. Hiyo dawa inamaliza watu. Akae hapa, ale vizuri, hiyo siku ifike akiwa kwao."

"Siku gani, shemeji?" mke wangu akauliza.

"Wewe si ulikuwa huko? Daktari alisema hajui."

"Hata mimi sijui kama kesho nitauza nyanya," mke wangu akamjibu, "lakini nitafungua kibanda." Akachukua mkoba wetu na ule mto wa tumboni, akatangulia barabarani. Kaka akanifuata mpaka kwenye ua akisema nitafia njiani. Nilimwambia basi wao watakuja kunibeba, si wana mlango mpana?

Kemo nilianzia Malaba. Nasema Malaba kwa sababu huko ndiko nilikotoka na huko ndiko nilikorudi kutapika kila nilipotoka hospitali, malori yakinguruma foleni nje ya dirisha langu. Dawa ile iliniingia vidoleni. Nikigusa kitu baridi, hata sufuria ya maji ya asubuhi, vidole vinawaka kama vimeguswa na umeme. Siku moja nilishika msumari tu, kwa hamu, nikauachia nikilia. Fundi asiyeweza kushika msumari ni nini? Nililia kwa hasira na nikamwambia mke wangu ninalia kwa hasira, asije akadhani ni jambo jingine. Akasema amesikia, nile uji.

Simu za nyumbani hazikukoma. Nyumba iliyojengwa ikakaa bila mwenyewe kulala inaita balaa, walisema. Shangazi alisema nimeitukana damu. Kaka alisema ninawaaibisha. Wakati mwingine baba ndiye alishika simu, naye alisema sentensi moja tu: "Rudi ulale kwako, mwanangu." Hiyo ndiyo iliyonisumbua. Kaka ningeweza kugombana naye mpaka jioni. Lakini baba alipozungumza niliona kama hata yeye amenifungia hesabu, na nikajua kwamba naweza kushinda kisu na kemo na bado nikawa maiti katika boma langu. Hilo lilinitisha kuliko skani yoyote.

Basi nikakata shauri. Kabla ya kuambiwa kama dawa imefanya kazi, kabla ya skani, nikiwa bado na ganzi vidoleni, nilikodi gari dogo la mizigo pale Busia. Nilipakia nguzo ngumu zilizokauka, nilizozichagua mwenyewe moja moja. Nilipakia mabati mapya, misumari yenye raba, debe la oili chafu kutoka kwa makanika, na mtarimbo. Mke wangu alikaa mbele na dereva, mimi katikati yao. Tulifika nyumbani kwetu asubuhi, umande haujakauka.

Nilisimama mbele ya ile nyumba. Mchwa walikuwa wameshapanda nguzo ya pembeni mpaka kiunoni, nami niliwashukuru moyoni kwa kuniunga mkono.

"Tunabomoa," nikamwambia kaka.

"Nyumba ya mtu mzima haibomolewi hivyo. Hiyo ni kujiitia kifo."

"Na nyumba ya mtu mzima haijengwi na miti mbichi. Hicho kifo nani alianza kukiita?"

Alikunja mikono kifuani. Nilichukua mtarimbo mimi mwenyewe. Daktari alikuwa amenikataza kuinua kitu chochote kizito, kwa sababu nyama ya tumbo pale kwenye tundu inaweza kuachia na utumbo ukasukumwa nje. Nilijua. Niliingiza ncha chini ya bati na kukandamiza, bati likalia, na maumivu yakanipiga upande wa mfuko hata nikapiga goti. Mke wangu alininyang'anya mtarimbo. "Kaa kwa kiti," akasema. "Wewe ni kusema tu. Mimi nitang'oa." Akavua leso, akaifunga kiunoni, akaanza kung'oa kwa fujo, hajui hata pa kukandamiza, huku nikimpigia kelele kutoka kwenye kiti kwamba bati linang'olewa kwenye msumari na si popote tu.

Kaka yangu aliweza kuvumilia mambo mengi, lakini si shemeji yake kubomoa nyumba mbele ya majirani na yeye amekunja mikono. Alimpokea mtarimbo shingo upande. Kufikia saa nne mabati yote yalikuwa chini, na kuta zikafuata kwa urahisi, kwa sababu udongo wenyewe ulipigwa juu juu.

Wakati huo ndipo baba alipokuja. Alitembea polepole mpaka kwenye vumbi, akasimama kando ya kiti changu.

"Uliona nakuzika," akasema.

"Ndiyo, baba. Niliona hivyo."

"Kila mtu hapa aliniambia unakufa. Kwamba daktari amekata tamaa."

"Daktari alisema hajui. Hata leo hajui. Nimekuja kabla ajue, kwa sababu sitaki kujengewa na jibu lake." Niligeuka kwenye kiti nimwone usoni. "Mimi nimekasirika, baba. Nimekukasirikia wewe kuliko wote. Nataka nyumba ya kuingia na miguu yangu. Nataka choo ndani, kwa sababu ya huu mfuko. Nataka jiko. Na mlango mdogo, wa mtu mmoja."

Aliangalia nguzo mpya zilizolazwa kwenye nyasi, akainama, akaigonga moja kwa vifundo vya vidole kama mtu anayebisha hodi. Kisha akamuuliza kaka jembe liko wapi.

Kaka alibaki ameduwaa. Kwetu shimo la kwanza la nyumba ya mwana huchimbwa na baba yake. Ni yeye anayemkaribisha mwanawe kwenye ardhi, na wengine huendelea baada ya hapo. Nilikuwa sijawahi kujiuliza nani alichimba la ile nyumba tuliyoibomoa. Nilimuuliza kaka wakati huo, mzee akiwa ameenda kwenye ghala.

"Nilichimba mimi," kaka akasema, bila kunitazama. "Mzee alikataa. Siku zote tukijenga alikaa ndani amefunga mlango. Alisema tumalize tu, yeye hawezi shika jembe kumzika mwanawe aliye hai."

Mzee alirudi na jembe na sururu. Akavua koti, akamkabidhi mke wangu bila kumtazama usoni, kama inavyotakiwa kwa mkwe. Nilimwonyesha pembe ya kwanza kwa fimbo. Alichimba akihema, akipumzika, akikataa kupokewa kila kaka aliponyoosha mkono. Udongo mwekundu ulipanda pembeni. Shimo lilipopita magoti yake alisimama wima, jasho likimtiririka hadi kwenye ndevu, akaniuliza kama linatosha.

Kwa nguzo ya kawaida lilikuwa linatosha kabisa.

"Bado, baba," nikamwambia. "Ongeza."

Akatema mate viganjani, akaendelea kuchimba.